Rangi Mahakamani: Koloni la Kenya na Sheria Zake

Ewart Grogan alichagua mahali makusudi. Machi 1907, mlowezi huyu Mwingereza, kiongozi wa chama cha walowezi na mtu aliyejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliwapeleka wavuta riksho watatu wa Kikuyu hadi mbele ya mahakama ya Nairobi, akawachapa viboko huku umati wa Wazungu ukitazama. Eti walikuwa wamewavunjia heshima wanawake wa Kizungu. Hakimu alijaribu kuingilia kati, hakusikilizwa. Watu wale wangeweza kuchapwa shambani au uani, kama ilivyokuwa desturi ya walowezi siku zile, na pengine hakuna ambaye angeuliza. Grogan alitaka mahakama yenyewe ione.

Kisheria alishindwa. Alipewa kifungo cha mwezi mmoja, akakitumikia katika nyumba ya kawaida wala si katika seli, na alipotoka walowezi walimpokea kama shujaa. Hata hivyo kuna jambo ambalo pande zote mbili zililiona. Grogan alihukumiwa na hakimu, mtumishi wa serikali. Kama shauri lake lingeamuliwa na walowezi wenzake, mambo yangekuwa mengine, na miaka michache baadaye ikadhihirika hivyo.

Himaya ya Afrika Mashariki, kama Kenya ilivyoitwa kuanzia 1895 hadi 1920, haikuanza na sheria za Kiingereza. Kuanzia 1897 sheria zake za jinai zilikuwa zile za India, zilizoletwa na meli zilezile zilizoleta karani, rupia na, muda si mrefu, mataruma ya reli. Kanuni ya Adhabu ya India haikumtaja mtu kwa rangi yake. Ukiisoma, muuaji ni muuaji. Rangi iliingia kwa mlango wa pembeni, katika swali la nani anaamua. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na jopo la raia, na raia hao walikuwa Wazungu watupu. Mwafrika na Mhindi hawakuwa na haki hiyo. Wao walisikilizwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao walitoa maoni tu. Jaji akipenda aliyafuata, asipopenda aliyaweka kando.

Mwaka 1911 Galbraith Cole, mfugaji wa Bonde la Ufa na shemeji yake Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, alimpiga risasi Mwafrika aliyemshuku kwa wizi wa kondoo. Mtu huyo akafa. Ushahidi haukuwa na utata mkubwa, lakini jopo lilimwachia Cole huru. London ilifadhaika, ikamwamuru Gavana Girouard amfukuze nchini. Kwa hiyo mtu ambaye mahakama ilisema hana hatia aliadhibiwa na serikali kwa karatasi ya uhamisho. Baada ya muda si mrefu alirudi, akaendelea na ufugaji wake. Katika kisa hiki mahakama za koloni zinaonekana wazi zaidi kuliko katika hotuba yoyote ya gavana: zilipotakiwa kumlinda mtu mweusi, chombo kilichokwama kilikuwa hukumu, na chombo kilichosogea kilikuwa siasa.

Lakini katika ardhi hata siasa haikusogea.

Agosti 1904 serikali iliandikiana mkataba na viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa miongoni mwao. Wamaasai waliondolewa katika malisho yao bora ya Bonde la Ufa, wakagawanywa katika sehemu mbili, moja kaskazini huko Laikipia na nyingine kusini. Waliahidiwa kwamba mpango huo ungedumu kadiri Wamaasai watakavyokuwapo kama taifa. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 walowezi walikuwa wameitamani Laikipia, mkataba wa pili ukaandikwa, na Wamaasai wa kaskazini wakaanza kuswagwa kuelekea kusini pamoja na ng'ombe na kondoo wao. Wengi walipoteza watoto, wazee na mifugo njiani.

Kilichofuata hakikutarajiwa na ofisa yeyote mjini Nairobi. Wamaasai, ambao serikali iliwaona kama watu wa mikuki, walikwenda kwa wakili. Chini ya uongozi wa Parsaloi ole Gilisho walichanga mifugo ya kulipia gharama, wakafungua shauri dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Lilijulikana kwa jina la mlalamikaji wa kwanza, Ol le Njogo. Walidai kwamba mkataba wa 1911 haukuwafunga, kwa kuwa waliotia alama zao hawakuwa na mamlaka ya kutoa ardhi ya wote, na walidai fidia ya mifugo iliyokufa.

Majaji hawakufika hata kwenye swali la nani alisema kweli. Mwaka 1913 Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ziliamua kwamba Afrika Mashariki ilikuwa himaya, si koloni. Kwa hiyo Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme. Walikuwa wageni wenye mamlaka yao wenyewe. Mikataba waliyoingia na Mfalme ilikuwa mikataba ya kimataifa, kama ile ya Uingereza na dola nyingine, na mahakama ya ndani haina uwezo wa kuichungulia. Shauri likatupwa. Walitaka kuendelea hadi London, lakini fedha na muda vilikwisha.

Hoja hiyo ilikuwa na upande wa pili ambao majaji hawakuusema. Watu waliohesabiwa kuwa dola ya kigeni walipotaka kudai haki zao walikuwa wakitozwa kodi ya nyumba, wakihamishwa kwa amri ya ofisa wa wilaya na kuzuiwa kutoka nje ya hifadhi bila ruhusa. Ugeni wao ulionekana siku walipofika mahakamani tu.

Miaka 2 baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1915. Ile iliyoitangulia, ya 1902, ilimpa mlowezi ukodishaji wa miaka 99. Walowezi walilalamika kwamba muda huo ni mfupi, wakaongezewa hadi miaka 999. Sheria mpya pia ilimpa gavana nguvu ya kuzuia ardhi ya Mzungu isiuzwe wala kukodishwa kwa mtu wa rangi nyingine, na ilipanua maana ya ardhi ya Mfalme hadi ikameza ardhi iliyokaliwa na makabila ya wenyeji. Mwaka 1920 himaya ikageuzwa koloni, isipokuwa ule ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar, na sasa wenyeji wa bara hawakuwa tena wageni. Wakawa raia wa Mfalme. Mtu angedhani jambo hilo lingewapa mlango wa mahakama uliofungwa mwaka 1913.

Jibu lilitoka katika ugomvi ambao haukumhusu Mzungu hata mmoja. Wakikuyu wawili, Isaka Wainaina wa Gathomo na Kamau wa Gathomo, walimshtaki Murito wa Indangara na mwanawe kwa kuvamia shamba. Ulikuwa ugomvi wa mpaka wa aina ambayo wazee wa kijiji wangeumaliza kwa mbuzi na pombe. Mwanasheria Mkuu aliingizwa katika shauri, na Jaji Mkuu Jacob Barth akatumia nafasi hiyo kusema neno ambalo lilisikika katika kila hifadhi ya koloni. Kwa mujibu wa sheria ya 1915 na amri ya 1920 ya kuifanya Kenya koloni, alisema, haki zote za wenyeji juu ya ardhi yao zilikuwa zimetoweka. Waliokuwa wakiilima walikuwa wapangaji kwa hiari ya Mfalme, ambaye angeweza kuwatoa wakati wowote. Waliokwenda kutafuta mwenye shamba kati ya wawili waliambiwa kwamba hakuna mwenye shamba kati yao. Vyama vya kisiasa vya Wakikuyu katika miaka ya 1920 na 1930 haviwezi kueleweka bila hukumu hiyo. Hati ya shamba ilikuwa ombi lao namba moja kwa sababu jaji mkuu alikuwa ametamka kwamba hawana.

Wakati huohuo sheria nyingine ya 1915 ilikuwa imeanza kufanya kazi, baada ya kucheleweshwa na vita. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kuandikishwa, kuchukuliwa alama za vidole na kubeba cheti chenye jina la mwajiri wake, mshahara wake na siku aliyoacha kazi. Cheti hicho, kipande, kilitiwa katika kikasha cha bati na kuning'inizwa shingoni. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Aliyeacha kazi bila mwajiri kutia saini alikuwa mtoro, na utoro ulikuwa jinai. Mwajiri aliyekataa kulipa mshahara alikuwa amevunja mkataba tu. Kumdai ilikuwa kazi ya mfanyakazi mwenyewe.

Harry Thuku, karani wa simu mjini Nairobi, alipinga kipande pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku 2 baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mmoja wao. Wengine walisema idadi ilikuwa kubwa zaidi. Thuku hakushtakiwa kwa lolote. Alihamishiwa Kismayu bila kesi, kwa sheria ya kuwahamisha wenyeji, akakaa uhamishoni kwa miaka mingi. Serikali iliyotumia uhamisho kumwadhibu Cole baada ya kuachiliwa huru ilitumia uhamisho huohuo kwa Thuku ili asifike mahakamani kabisa.

Mwaka 1923 ni mwaka ambao vitabu vya shule huukumbuka kwa Waraka wa Devonshire, uliotangaza kwamba maslahi ya Waafrika yatatangulia pale yatakapogongana na ya wahamiaji. Ulikuwa ushindi wa maneno. Waraka huohuo uliwaachia Wazungu nyanda za juu, ukawapa Wazungu viti 11 vya kuchaguliwa katika baraza la kutunga sheria na Wahindi viti 5, wakati Waafrika walisemewa na mmisionari mmoja wa kuteuliwa. Katikati ya mwaka uleule mfanyakazi aliyeitwa Kitosh alikufa katika shamba la Jasper Abraham karibu na Molo.

Kosa la Kitosh lilikuwa kupanda farasi jike mwenye mimba badala ya kumkokota. Abraham alimchapa hadi jioni, akaagiza afungwe kamba katika ghala. Usiku ule Kitosh akafa. Kesi ilisikilizwa Nakuru mbele ya jopo la Wazungu, na utetezi ukatoa hoja ambayo Karen Blixen, aliyeishi Ngong wakati huo, aliisimulia baadaye katika kitabu chake juu ya Kenya: kwamba Kitosh hakufa kwa kipigo, bali aliamua mwenyewe kufa. Madaktari waliitwa kulithibitisha hilo. Jopo likakataa kumtia Abraham hatiani kwa kuua. Likamwona na hatia ya kujeruhi vibaya, na jaji akampa miaka 2.

Kosa la kujeruhi vibaya lilikuwa mlango mpana ndani ya Kanuni ya India, na majopo ya walowezi yalikuwa yamejifunza kulitumia. London ililiona. Kesi za namna hii zilikuwa miongoni mwa sababu zilizofanya Wizara ya Makoloni iiache sheria ya India na kuandika kanuni nyingine, iliyokaribia zaidi sheria ya Uingereza. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata Kanuni ya Adhabu mpya. Ile ya Kenya, iliyofanyiwa marekebisho mara nyingi, ndiyo inayotumika hadi leo. Wanafunzi wa sheria huisoma kwa vifungu, bila kusikia jina la Kitosh. Lakini jopo lenyewe halikuguswa: kilichobadilishwa ni maneno ambayo Wazungu wa jopo wangeyatumia, wao wakabaki pale pale.

Pwani nako kulikuwa na kesi yake. Serikali ilitangaza kuuza viwanja mjini Mombasa kwa mnada, kwa sharti kwamba mnunuzi awe Mzungu na kwamba Mhindi au Mwafrika asikae humo isipokuwa kama mtumishi wa nyumbani. Mfanyabiashara Mhindi, Kaderbhai, alikwenda mahakamani. Alikuwa na hoja nzuri: kwa mujibu wa sheria ya 1915 viwanja vya mjini viliuzwa kwa mnada wa wazi, na mnada wa wazi hauchagui rangi. Alishinda katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Kamishna wa Ardhi akakata rufaa London, na mwaka 1931 majaji wa Baraza la Mfalme wakaamua kwamba Kamishna ana haki ya kuweka masharti hayo. Mahakama ya mwisho ya milki nzima ya Uingereza ilikuwa imeubariki ubaguzi katika mji ambao Waarabu, Waswahili na Wahindi walikuwa wamejenga nyumba za mawe karne nyingi kabla ya Kamishna huyo kuwa na ofisi.

Mwaka mmoja baadaye dhahabu ilivutia watafutaji Kakamega. Sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba hifadhi zao ni zao milele, na kwamba kipande chochote kitakachochukuliwa kitafidiwa kwa ardhi nyingine. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa haraka ili wachimba madini wasihitaji kusubiri ardhi ya fidia. Umilele ulikuwa umedumu miaka 2.

Mwaka 1939 Amri ya Baraza la Mfalme iliweka mipaka rasmi ya Nyanda za Juu za Wazungu, jambo ambalo kwa miaka zaidi ya 30 liliendeshwa kwa ahadi za mawaziri na desturi za ofisi. Baada ya Vita Kuu ya Pili upepo uligeuka kidogo. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, alikuwa ameingia katika baraza la kutunga sheria mwaka 1944, na mwaka 1947 ikapitishwa sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote. Hapo ndipo walowezi walipogundua ubaya wa alama za vidole. Yale ambayo Waafrika waliyavumilia kwa karibu miaka 30 sasa yalionekana kuwa tusi kwa muungwana, malalamiko yakazagaa magazetini, na tume ikaundwa. Ikapendekeza kwamba anayejua kusoma na kuandika aruhusiwe njia nyingine ya kujitambulisha. Rangi ilikuwa imeondolewa katika maneno ya sheria, ikabaki katika matokeo yake.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 dhidi ya uasi wa Mau Mau, mahakama ziligeuzwa silaha waziwazi. Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa Kapenguria, mbali na Nairobi na mbali na mawakili, mbele ya jaji mstaafu, Ransley Thacker, aliyelipwa malipo maalumu kwa kazi hiyo. Shahidi mkuu alikuwa Rawson Macharia. Mwaka 1958 Macharia alikula kiapo kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba serikali ilimnunua. Alishtakiwa na kufungwa. Hakufungwa kwa kusema uongo Kapenguria, ila kwa kudai kwamba alisema uongo. Huko kwingine, mahakama maalumu za hali ya hatari zilikuwa zikifanya kazi kwa kasi nyingine. Mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau. Hawakuwa na jopo.

Koloni lilipokaribia mwisho wake ikaja kesi ya Peter Poole, fundi wa Nairobi. Oktoba 1959 alimpiga risasi na kumuua Kamawe Musunge, mtumishi wa nyumbani aliyekuwa akipita na baiskeli na aliyewatupia mawe mbwa wa Poole waliomvamia. Jopo lilikuwa la Wazungu watupu, kama siku zote. Ila wakati huo Waingereza walikuwa wanajiandaa kwa mkutano wa katiba wa Lancaster House, magazeti ya dunia yalikuwa yanatazama, na jopo likasema ana hatia ya kuua. Rufaa zilikwenda hadi London, zikakataliwa. Maelfu ya watu walitia saini kuomba asamehewe. Gavana Patrick Renison akakataa, na Agosti 18, 1960, Poole akanyongwa, Mzungu wa kwanza Kenya kunyongwa kwa kumuua Mwafrika. Sheria ya kosa lake ilikuwa ileile ya 1930. Katika miaka 30 iliyotangulia majopo yaliyokula kiapo cha kuitumia hayakuwahi kuifikisha hapo.

Mwaka huohuo amri nyingine iliondoa kizuizi cha rangi katika Nyanda za Juu. Katiba ya uhuru ya 1963 ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi, huku ikiacha nafasi ya kuwatendea tofauti wasio raia. Wahindi wengi hawakuomba uraia katika miaka 2 waliyopewa. Sheria ya biashara ya 1967 ikawafungia maeneo na bidhaa fulani. Walipogeukia Uingereza, ambayo pasi zao zilikuwa zake, Bunge la London lilipitisha mwaka 1968, kwa siku chache tu, sheria iliyowazuia wenye pasi za Uingereza wasiokuwa na mzazi au babu aliyezaliwa huko, na kutoa nafasi 1,500 za familia kwa mwaka. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba kwa walalamikaji 25 ubaguzi huo wa rangi ulikuwa udhalilishaji. Mtu aliyezaliwa Kisumu alipata kwa Tume hiyo ya Strasbourg neno ambalo mahakama za Nairobi na London hazikuwahi kumwambia Kaderbhai.

Ardhi ilibaki. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliingiza ng'ombe katika mashamba makubwa ya Laikipia wakidai muda wa Wazungu umekwisha. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na serikali ikasema kwamba ukodishaji wa mashamba mengi hauna uhusiano na mkataba ule. Ni wa miaka 999. Hilo lilikuwa kweli hadi Agosti 27, 2010, siku katiba mpya ilipoanza kutumika. Kifungu cha 65 kinasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99, na ukodishaji wowote mrefu zaidi ukahesabiwa kuwa wa miaka 99. Shamba lililokodishwa mwaka 1915 lingemalizika mwaka 2914. Kwa asiye raia, sasa litamalizika 2109.